Anwani Kabla ya Vitufe: Kufundisha Mpangilio wa Printa ya Ofisi katika Skuli za Wingwi

Utangulizi

Masomo ya vitendo yana hatari moja isiyoonekana upesi. Mwanafunzi aweza kuitenda kazi sawasawa mbele ya mwalimu wake, hatua kwa hatua, bila ya kuelewa sababu ya hata hatua moja. Siku hiyo mwalimu huridhika na mwanafunzi hupata alama zake. Hatari hujitokeza baadaye, pale mwanafunzi anapokuwa peke yake mbele ya mashine isiyofanana na ile aliyofundishiwa.

Makala haya yanaeleza somo moja la namna hiyo, yaani kuipangia printa ya ofisi anwani ya mtandao. Somo lenyewe lilijaribiwa na wanachuo wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha Wingwi, Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Mara ya kwanza lilishindwa, na kosa lilikuwa la mwandishi wa makala haya. Yafaa kosa hilo lielezwe bila ya kuficha, kwa kuwa ndilo lililotufundisha njia ya pili.

Kisa kilichotuzindua

Skuli moja ya eneo hilo ilikuwa na printa moja katika ofisi ya mwalimu mkuu, kompyuta tatu, na ruta iliyoziunganisha zote. Siku ya Alhamisi printa ilichapa barua za wazazi bila ya taabu. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mtihani wa muhula wa Kidato cha Pili, umeme ulikuwa umesharudi na taa zote za printa zilikuwa zikiwaka kijani. Hata hivyo, kila karatasi iliyopelekwa kuchapwa haikutoka. Walimu walibadilisha wino, wakachomoa waya na kuuchomeka tena, wakazima na kuwasha. Fundi aliitwa kutoka Chake Chake, lakini alifika baada ya sala ya Ijumaa.

Mtihani ulifanyika kwa maswali kuandikwa ubaoni. Wanafunzi wa viti vya nyuma hawakuiona vizuri michoro ya jiometria, na baadhi yao waliyakosa maswali waliyokuwa wakiyajua. Fundi alipofika alimaliza kazi kwa muda mfupi sana, kwani printa haikuwa mbovu. Anwani yake ndiyo iliyobadilika.

Miongoni mwa walimu waliohangaika asubuhi ile alikuwamo mwanachuo wetu mmoja, ambaye wiki mbili kabla yake alikuwa amefuzu somo la kupanga printa. Tulipomuuliza kwa nini hakuitumia elimu ile, alijibu kwa unyoofu: “Mkufunzi, nilizikumbuka hatua zote kumi na moja, lakini mashine ile haikuwa na kitufe cha hatua ya tatu.” Jibu hilo ndilo asili ya makala haya.

Shabaha ya somo

Mwishoni mwa somo, mwanachuo atarajiwe kuweza mambo manne:

1. Kueleza kwa maneno yake mwenyewe kazi ya anwani ya mtandao, ya sabuneti maski na ya lango.
2. Kueleza kwa nini printa yafaa iwe na anwani isiyobadilika, ilhali simu na kompyuta za mkononi hazina haja hiyo.
3. Kuichagulia printa anwani isiyogongana na ya kifaa kingine, na kuiandika katika mashine ya aina yoyote.
4. Kutafuta chanzo cha hitilafu kwa kufuata mpango, si kwa kubahatisha.

Inaonekana wazi kwamba shabaha ya tatu peke yake ndiyo inayohusu vitufe. Katika somo letu la kwanza hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha pekee.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Anwani zinazotumiwa na printa nyingi za ofisi ni za kanuni ya IP, toleo la nne, iliyochapishwa rasmi mwezi Septemba 1981. Kila anwani ina biti 32, nazo huandikwa kama nambari nne zilizotenganishwa na nukta, mathalani 192.168.1.50. Kila nambari huanzia 0 na haivuki 255. Kwa hesabu hiyo, anwani zote za dunia nzima hazizidi 4,294,967,296. Idadi hiyo ilionekana kubwa mwaka 1981, lakini haikuchukua miaka mingi ikadhihirika kuwa haitatosha.

Mojawapo ya njia za kupunguza dhiki hiyo ni kutenga anwani za matumizi ya ndani. Utaratibu unaotumika uliandikwa mwezi Februari 1996, nao ulitenga mafungu matatu, likiwemo lile linaloanza na 192.168. Anwani za mafungu hayo hazitambuliwi nje ya jengo au ofisi inayozitumia. Ndiyo sababu skuli ya Wingwi na duka la Wete zaweza kila moja kuwa na printa yenye anwani 192.168.1.50, wala zisigongane.

Ama sabuneti maski, ambayo aghalabu ni 255.255.255.0, hutuonyesha mpaka. Penye 255, nambari ya anwani ni ya mtaa. Penye 0, nambari ni ya nyumba ndani ya mtaa huo. Kwa hiyo katika 192.168.1.50, mtaa ni 192.168.1 na nyumba ni ya 50. Mtaa wa namna hii una nambari 256, lakini ya kwanza, yaani 0, ni jina la mtaa wenyewe, na ya mwisho, 255, ni ya kupigia mbiu kwa nyumba zote. Zinabaki 254 za vifaa. Maski zenye nambari nyinginezo huhitaji hesabu ya biti, nazo zisiingizwe katika somo la mwanzo.

Lango ni anwani ya ruta, nayo ndiyo njia ya kutokea mtaani. Mara nyingi huwa 192.168.1.1. Kompyuta na printa zikiwa mtaa mmoja, karatasi hazipiti langoni.

Mwisho kuna utaratibu wa kugawa anwani, uitwao DHCP, ambao maelezo yake ya mwanzo yalitolewa mwaka 1993 na kurekebishwa mwaka 1997. Kwa utaratibu huu ruta hukiazima kila kifaa anwani kwa muda maalumu. Hapo ndipo lilipo fumbo la Ijumaa ile. Umeme uliporudi, ruta ilikuwa imeisahau orodha yake. Printa huchukua muda kuamka, na simu ya mwalimu ikatangulia kuomba. Simu ikapewa anwani iliyokuwa ya printa, na printa ikapewa nyingine. Kompyuta, ambazo hazikuambiwa lolote, ziliendelea kupeleka karatasi za mtihani kwenye anwani ya zamani, yaani kwenye simu. Simu haina haja na karatasi za mtihani.

Hapa Pemba jambo hili si la kupuuzwa. Tangu mwaka 2010 kisiwa kinaunganishwa na gridi ya Taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na hali ya umeme ni bora kuliko enzi za jenereta za dizeli. Lakini kila umeme unapokatika na kurudi, vifaa vyote vya ofisi huomba anwani upya kwa wakati mmoja.

Zana za kufundishia

Printa moja yenye tundu la waya wa mtandao, ruta moja, kompyuta mbili, nyaya tatu, vipande vya karatasi ngumu, kalamu, na daftari la ofisi. Pasipokuwa na printa ya kutosha, hatua mbili za kwanza zaweza kufundishwa kwa vipande vya karatasi peke yake, hata chini ya mwembe.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Kuanzia kwa kinachojulikana. Mwalimu aulize: “Mgeni ametoka Unguja na barua ya mzee fulani wa Wingwi. Atamfikishiaje?” Wanachuo watajibu kwamba kwanza lazima ajulikane ni wa Wingwi ipi, Mtemani, Mapofu au Njuguni, na baadaye iulizwe nyumba. Majibu hayo yaandikwe ubaoni katika safu mbili, ya shehia na ya nyumba. Kisha mwalimu aandike chini yake 192.168.1 na 50. Maski haitahitaji maelezo marefu tena, kwani wanachuo wenyewe wameshauchora mpaka.

Mwalimu aendelee: “Mtu akihama nyumba, jina lake hubadilika?” Halibadiliki. Vivyo hivyo kila printa ina jina ililozaliwa nalo kiwandani, liitwalo anwani ya MAC, ambalo haliondoki hata mashine ikihamishwa. Anwani ya IP ni makao, na makao huhamwa.

Hatua ya pili: Mchezo wa sheha. Mwanachuo mmoja awe sheha, naye apewe vipande vya karatasi vyenye nambari kuanzia 100 mpaka 105. Wengine wawe vifaa: kompyuta, simu, printa. Kila mmoja aende kwa sheha akaombe nambari, na sheha aandike katika daftari. Mmoja awe kompyuta inayopeleka kazi, naye akariri nambari ya printa. Kisha mwalimu atangaze: “Umeme umekatika!” Vipande virudishwe, ukurasa wa daftari uchanwe, na wote waombe tena kwa pamoja, printa ikichelewa makusudi. Kompyuta ikipeleka karatasi kwenye nambari iliyoikariri, itamkuta mtu mwingine.

Katika darasa letu mchezo huu ulizusha kicheko, halafu kimya. Mwanachuo aliyekuwapo siku ya mtihani ndiye aliyesema wa kwanza: “Kumbe printa ilikuwa nzima.” Tangu hapo hapakuwa na haja ya kuwaambia kwamba printa yahitaji makao ya kudumu, walilidai jambo hilo wenyewe.

Mwalimu asisahau kuonyesha mwisho wa mfano huu. Sheha wa kweli huwajua watu wake na hasahau kwa kukatika umeme. Mfano ni ngazi ya kupandia, na mwanafunzi akishafika juu aachiwe aitazame mashine yenyewe.

Hatua ya tatu: Kuchagua anwani. Hapa ndipo mwandishi alipokosea. Katika kuitengeneza printa ya skuli ile baadaye, aliiandikia 192.168.1.105 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nayo asubuhi hiyo. Ilifanya kazi wiki mbili, kisha ikaanza kuchapa siku moja na kugoma siku ya pili. Ruta ilikuwa ikigawa anwani kuanzia 100 mpaka 199, wala haikujua kwamba 105 ina mwenyewe. Siku ilipoigawia kompyuta ya mgeni, vifaa viwili vikawa na makao mamoja.

Kanuni basi ni hii: anwani ya kudumu itoke ndani ya mtaa, lakini nje ya fungu ambalo ruta hugawa. Wanachuo wafungue kurasa za mpangilio wa ruta, wasome mwanzo na mwisho wa fungu, kisha wachague. Ikiwa fungu ni 100 mpaka 199, nambari 50 yafaa. Kabla ya kuitumia, waijaribu kwa amri ya ping, iliyotungwa mwezi Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss. Akijibu mtu, nyumba ina mwenyewe. Asipojibu yeyote, isichukuliwe kuwa ni hakika, kwani mwenyewe huenda amezimwa. Ndiyo maana daftari la anwani lahitajika.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuiambia ruta ihifadhi anwani moja kwa ajili ya anwani ya MAC ya printa. Njia hii ni nzuri, kwa sharti kwamba ruta ikibadilishwa, kazi hiyo irudiwe.

Hatua ya nne: Kuiandika anwani. Kwanza printa ichapishwe ukurasa wake wa mpangilio, ambao huonyesha anwani ya sasa na anwani ya MAC. Kisha mwanachuo aitafute sehemu ya mtandao katika kioo cha mashine, abadilishe utaratibu kutoka wa kujipatia kwenda wa kuandikiwa kwa mkono, na aandike mambo matatu: anwani 192.168.1.50, maski 255.255.255.0, na lango 192.168.1.1. Mashine izimwe na kuwashwa, na ukurasa uchapishwe tena ili kulinganisha.

Mwalimu asiwape wanachuo orodha ya vitufe. Awaambie nini kinatafutwa, nao watafute. Mashine za makampuni mbalimbali huyapanga maneno kwa namna zao, lakini hakuna isiyouliza mambo hayo matatu.

Hatua ya tano: Kuziarifu kompyuta. Hatua hii husahauliwa zaidi ya zote. Kuihamisha printa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwaambia wanaoiandikia. Katika kila kompyuta, printa iongezwe kwa anwani yake mpya, au anwani ya zamani irekebishwe. Kisha kila kompyuta ichapishe ukurasa mmoja wa majaribio, na anwani iandikwe katika daftari la ofisi na katika kibandiko juu ya printa.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kusoma vibaya jibu la ping. Kompyuta yaweza kuonyesha neno la kujibiwa, lakini ukitazama anwani iliyojibu utakuta ni ya kompyuta yenyewe, ikiarifu kuwa haikumpata anayetafutwa. Wanachuo wafundishwe kusoma ni nani aliyejibu, wasitosheke kwa kuwa jibu limekuja.

Kosa la pili ni kuishughulikia anwani inayoanza na 169.254 kana kwamba ni ya kawaida. Hiyo ni anwani ambayo kifaa hujipa chenyewe baada ya kuomba na kutojibiwa. Ukiiona, angalia kwanza waya na ruta.

Kosa la tatu ni la walimu: kuitengeneza mashine kwa haraka ili somo liendelee. Mwalimu anayechukua panya ya kompyuta kutoka mkononi mwa mwanafunzi humwokolea dakika tano na kumnyima somo zima.

Maswali ya kupima

1. Kompyuta ina anwani 192.168.1.20 na printa ina 192.168.2.20. Maski ya zote ni 255.255.255.0, na zimeunganishwa kwa waya bila ya ruta. Je, zitapatana?
2. Ruta inagawa anwani zote kuanzia 2 mpaka 254. Utaiweka wapi printa?
3. Ping inajibiwa kutoka anwani ya printa, lakini hakuna kinachochapwa. Utafanya nini kwanza?

Katika swali la kwanza, hazitapatana, kwa sababu ziko mitaa miwili na hakuna lango kati yao. Katika la pili, mwanachuo apunguze fungu la ruta, au ahifadhi anwani kwa njia ya MAC; anayechagua nambari yoyote kwa kubahatisha hajafuzu. Swali la tatu ndilo kipimo cha kweli. Jibu lililotufurahisha zaidi lilikuwa hili: “Nitaizima printa, nipige ping tena. Ikijibiwa, basi anayejibu si printa.” Hakuna mkufunzi aliyemfundisha jibu hilo. Alilipata kutokana na mchezo wa sheha.

Hitimisho

Twaweza kuulizwa kama inafaa kutumia vipindi viwili kwa jambo ambalo fundi hulimaliza kwa dakika chache. Jibu letu ni kwamba fundi yuko Chake Chake, na mtihani uko Wingwi. Mwalimu anayejua kwa nini printa haimsikii atakuwa na karatasi za mtihani mezani kabla ya kengele, na mwanafunzi wa kiti cha nyuma ataiona michoro yake kama mwenziwe wa mbele.

Kadhalika funzo hili halihusu printa peke yake. Hatua kumi na moja za mwanzo zilikuwa sahihi zote. Kasoro yake ni kwamba zilimfundisha mwanachuo mashine moja, nasi tulimtuma kwenye skuli yenye mashine nyingine. Kila mkufunzi anayeandika hatua ubaoni na ajiulize: siku kitufe cha tatu kitakapokosekana, mwanafunzi wangu atabaki na nini?